Bomba la Moshi la Mwokaji

Mwokaji alipolazwa kwa nimonia mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, mtaa mzima ulikuwa na sababu tayari. Muuza mkaa alisema ni kutoka kwenye joto la tanuri na kunywa maji ya barafu. Kinyozi alisema ni kulala bila fulana. Mama mkwe wake alisema ni baridi, maana kwake yeye kila ugonjwa ni baridi, hata jino. Mgonjwa mwenyewe alisema ni husuda. Mtu ambaye mikate yake inakwisha kabla ya saa mbili asubuhi, alisema, hawezi kukosa maadui.

Daktari hakuwa na habari na husuda. Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye viatu vinavyolia akitembea. Aliinua ile picha ya kifua akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umeanza lini kuvuta sigara, mzee wangu?"

Mwokaji alijaribu kukaa wima. "Sigara? Daktari, mimi tangu..." Akakohoa. "Mimi sija..." Akakohoa tena.

Kwa miaka thelathini Mwokaji ndiye aliyekuwa akimmalizia mkewe sentensi zake. Sasa zamu ilikuwa imegeuka, na mkewe, Mungu amsamehe, hakuichukia sana.

"Hajawahi kuvuta, Daktari. Hata mgeni akiwasha sigara kwetu anatolewa nje pamoja na kiti chake."

"Basi huu ni moshi wa nini? Anafanya kazi gani?"

"Mwokaji wa mikate."

"Tanuri la umeme?"

"La kuni," alisema Mwokaji mwenyewe, kwa fahari ya kutosha kumtoa jasho.

"Na moshi wa hizo kuni unakwenda wapi?"

"Juu. Moshi unakwenda juu."

Mkewe alianza kukunja upya shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa vizuri. Daktari alikuwa amekaa na wagonjwa miaka ya kutosha kujua maana ya mke anayekunja shuka lililokunjwa. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nisikilizeni. Ndani ya mapafu kuna vinyweleo vidogo sana, kazi yao ni kufagia uchafu kuutoa nje. Halafu kuna chembe za kinga, hizo ni walinzi, zinameza vijidudu. Mtu akivuta moshi kila siku, vinyweleo vinalala, na wale walinzi wanashinda wakimeza masizi. Vijidudu vya nimonia vikija vinakuta mlinzi amevimbiwa, hawezi hata kusimama. Vinapita."

"Lakini dawa zako ni nzuri," alisema Mwokaji, kama mtu anayemfariji mwenzake.

"Dawa zangu zinaua vijidudu. Hazifagii masizi. Mara ya kwanza ulipona kwa siku tano. Mara ya pili, siku tisa. Safari hii umekaa kitandani siku kumi na saba. Ukirudi mara ya nne, mzee wangu, siwezi kukuahidi kitu." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, ndiyo maana mkewe aliliacha lile shuka. "Sasa vuta pumzi moja, uhesabu kwa sauti mpaka iishe."

Mwokaji akavuta pumzi. Akafika tisa.

"Mtu mzima akiwa na afya anapita thelathini. Hesabu kila siku jioni. Ikipanda, unapona. Ikishuka chini ya sita, msingoje kukuche, mleteni hapa. Na kwenye moshi asikae."

Njiani kurudi nyumbani Mwokaji alikaa kimya, jambo lililomtia mkewe hofu kuliko ile picha. Walipokaribia mlangoni ndipo aliposema: "Tisa si mbaya."

"Mtoto wa chekechea anafika tisa," mkewe akasema.

"Lakini hakohoi."

"Ndiyo maana yake, baba watoto."

*

Sasa, kuhusu huo moshi unaokwenda juu, ukweli ni huu.

Kiwanda cha Mwokaji kilikuwa chumba kimoja, na chumba chake cha kulala kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa tanuri. Jirani wa kulia alikuwa na ghorofa moja. Huko juu aliishi mwenye nyumba, mshonaji wa magauni ya harusi, mwanamke mjane, mwembamba, mwenye maneno yanayochoma, ambaye mtaa ulimwita Sindano. Zamani bomba la moshi lilitokea chini ya dirisha lake. Siku moja, miaka miwili nyuma, Sindano alipeleka gauni jeupe mbele ya wazee wa mtaa, akalitandaza mezani. Shingo ya gauni ilikuwa nyeusi kama kola ya fundi magari.

Mwokaji alijitetea kwa nusu saa bila kupumzika. Moshi wa mkate, alisema, hauna madhara. Una harufu nzuri. Kuna watu hawana saa, wanaamka kwa harufu hiyo. Wazee walimsikiliza, kisha wakatoa rai ya busara: bomba lipandishwe kwenye ukuta wa Sindano mpaka lipite paa lake. Sindano akakubali papo hapo, bure. Ilibaki Mwokaji aseme asante.

"Heri moshi wangu niule mwenyewe," Mwokaji akasema, "kuliko kuomba ukuta wa mtu."

Kesho yake akamwita fundi wa kuchomelea. Bomba likapindwa likaelekezwa uani, hatua moja na nusu kutoka kwenye matundu ya hewa ya chumba chake cha kulala. Na akaula kweli, mara mbili kwa siku, alfajiri na saa nane mchana, miaka miwili mizima. Mkewe aliwahi kuyaziba matundu kwa matambara. Mwokaji akayazibua siku hiyo hiyo, kwa sababu kuziba ni kukiri.

*

Mama mkwe alifika siku ya pili baada ya mgonjwa kurudi, akiwa na mabegi mawili na uamuzi mmoja: baridi itoke.

Kwa heshima ya ukwe, hakuvuka pazia la chumba. Aliweka kiti chake ukumbini, upande wa pili wa pazia, na kutoka hapo akaongoza matibabu kama kocha wa mpira.

"Mkwe!"

"Naam, mama."

"Dirisha limefungwa?"

"Liko wazi, mama. Daktari amesema..."

"Lifungwe."

Likafungwa.

"Umevaa soksi?"

"Nimevaa, mama."

"Jozi ngapi?"

"Moja."

"Ongeza."

Mwokaji aliweza kubishana na mkusanya ushuru, na fundi, na mwalimu wa watoto wake, na mara moja alibishana na mtu wa taarifa ya habari kwenye redio. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Akaongeza. Ilipofika mchana mama mkwe akawasha jiko la mkaa, likapamba moto likawa jekundu, akalisukuma kwa ufagio likapita chini ya pazia hadi karibu na kitanda.

"Joto hilo, mwanangu. Linafika?"

"Linafika, mama. Asante, mama."

Mkewe hakujua lolote kati ya hayo. Tangu mumewe augue ndiye aliyekuwa akikanda na kuoka, maana mkate usipouzwa nyumba haili. Saa nane alikuwa anatupia kuni kwenye tanuri. Alipomaliza, akapeleka kikombe cha chai chumbani, akakuta dirisha limefungwa, jiko linawaka, moshi wa tanuri unaingia taratibu kwa matundu ya juu, na katikati ya yote hayo mumewe amelala na jozi mbili za soksi, midomo imekauka, akitabasamu kwa adabu kuelekea kwenye pazia.

"Hesabu," alisema.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita..." Akapumzika kidogo, akadhani hajaonwa. "Saba."

"Hiyo saba umeiiba. Ni sita."

Akalibeba jiko kwa vitambaa viwili akalitoa nje, akafungua dirisha, kisha akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, mgonjwa amekatazwa moshi."

"Mkaa hautoi moshi. Uliona moshi?"

"Hata usipouona unatoa hewa mbaya. Watu wamelala na jiko ndani, mlango umefungwa, hawakuamka."

"Mimi nimekulea kwa jiko hilo hilo."

"Na nilikohoa mpaka nikaolewa, mama."

Mama mkwe alikumbuka kifua cha binti yake, zile chupa za dawa juu ya kabati, miaka yote ile. Jiko halikurudi tena chini ya pazia. Soksi tu ndizo alizokataa kuzijadili.

*

Jiko lilitoka, dirisha likakaa wazi kutwa nzima, na kesho yake jioni hesabu ilikuwa sita. Sita ya haki, isiyoibwa, lakini sita. Hatua moja zaidi ingewarudisha wodini.

Mkewe hakulala vizuri. Alijua kilichobaki, na kilichobaki ni mkono wake mwenyewe. Asubuhi alitoa kabatini foronya nyeupe, ile ya wageni, akaitundika chumbani mbele ya matundu ya hewa. Mumewe akauliza ni ya nini. Akamwambia inaanikwa. Saa nane akawasha tanuri kama kawaida, akaoka, akamaliza. Kisha akaitungua ile foronya, akaiweka juu ya miguu ya mgonjwa.

"Ilikuwa nyeupe leo asubuhi," alisema.

Mwokaji akaitazama. Matundu ya hewa yalikuwa yamejichora pale, safu tatu za miraba ya kijivu, yenye weusi katikati.

"Vumbi hilo."

"Vumbi haliji na harufu ya mkate. Nusa."

Hakunusa. Hakuwa na haja. Kitambaa kama kile alikwisha kukiona, kimetandazwa kwenye meza ya wazee, naye akabishana nacho nusu saa nzima. Kwa mara ya kwanza tangu augue aliogopa. Aliogopa kweli, kama mtoto, na kwa kuwa hakuwa amezoea, hakujua aiweke wapi ile hofu. Akaanza kuikunja foronya.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mkewe akasema. "Ninayewasha ule moto ni mimi, baba watoto. Kila nikitupia kuni nakusikia unakohoa upande wa pili wa ukuta. Halafu natupia nyingine, kwa sababu mkate haujaiva. Nakuuguza kwa mkono huu na kukumaliza kwa huu. Mimi basi. Siwezi."

"Sasa tutakula nini?"

"Tutakula maneno yako. Yapo mengi."

Akatoka, akachota maji, akayamwaga tanurini. Mlio wake ulisikika mpaka kwa kinyozi.

Asubuhi iliyofuata watu walikuta mlango umefungwa. Ilikuwa kama kukuta kisima kimehama. Mkewe akatoka akawaambia wazi: bomba lisipopanda, mkate hakuna. Papo hapo mtaa ukabadilisha uchunguzi wake.

"Mimi nilisema zamani, ni lile bomba," alisema muuza mkaa.

"Nilisema mimi," alisema kinyozi. "Wewe ulisema barafu."

"Sasa mwambieni akamwone Sindano," mkewe akasema. "Mimi nimekwenda jana jioni. Amenijibu kwamba ukuta alikwisha kuutoa mara moja. Aliyeukataa aende mwenyewe."

*

Mwokaji aliandaa hotuba siku nzima. Aliijaribu mbele ya mkewe akiwa amekaa kitandani, ameshika bakora.

"Jirani, bila kukubali kosa lolote..."

"Anza upya."

"Jirani, wewe na mimi sote tulikosea..."

"Yeye alikosea nini?"

"Ndicho ninachofikiria."

Mama mkwe akasikika nyuma ya pazia: "Mkwe, vaa soksi za sufu, ngazi zile zina upepo."

Ngazi za Sindano zilikuwa kumi na nne, za saruji, nje ya nyumba, mbele ya macho ya mtaa mzima. Watu walijifanya wana shughuli. Kinyozi alimnyoa mteja mmoja upande mmoja tu wa kichwa. Mkewe alitaka kumshika mkono mumewe, akakataa. Akaanza kupanda na hotuba yake yote.

Ngazi ya nne akagundua kwamba pumzi haitoshi vyote viwili, kupanda na kukumbuka. Akaacha lile neno la kutokubali kosa. Ngazi ya saba akakaa. Alikaa muda mrefu, kichwa kimeinama, bakora katikati ya magoti, na hakuna aliyecheka. Pale akaacha historia ya mkate na umuhimu wake kwa jamii. Ngazi ya kumi akaacha sehemu ya makosa ya pande zote mbili. Kwenye ya kumi na mbili akaacha salamu.

Sindano alikuwa amesimama juu, mlangoni, futi ya kitambaa shingoni, pini tano mdomoni. Alipomwona anaanza kupanda alizitoa zile pini moja moja akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, kwa utulivu, kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Alikuwa na maneno ya miaka miwili. Aliyapanga, akayapiga pasi, na sasa mwenye nayo alikuwa amekuja kuyachukua.

Mwokaji akafika juu. Akashika ukingo wa mlango. Akavuta pumzi, ikaingia nusu.

"Jirani," alisema. Akavuta tena. "Nisaidie."

Hakikubaki kingine. Sindano akamtazama. Mshonaji humwona mtu kwa vipimo kwanza. Aliona kwamba kola ya shati imepwaya vidole vitatu shingoni, na kwamba mabega yamerudi ndani, na kwamba mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Hayo yote aliyasoma kwa kutupa jicho, na yalimuuma kuliko alivyotaka.

"Mkuki kwa nguruwe..." alianza, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza katika foleni. Kisha akayameza. "Ngoja. Usisimame hapo. Ngoja nikuletee kiti."

Akamkalisha karibu na cherehani, akampa maji. Mwokaji akanywa. Alipoinua macho, kwenye sahani pembeni ya mkasi aliona nusu ya mkate. Angeutambua mkate ule hata gizani, kwa ule mpasuo wa katikati.

"Huo," alisema.

"Mkate."

"Wangu?"

"Wa mkeo. Wako sijala tangu siku ile ya wazee. Tangu hapo mkeo huniuzia mlango wa nyuma, basi ni wake."

Miaka miwili! Mwokaji alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mlango wa nyuma. Alikuwa na hotuba nyingine kabisa. Akapima pumzi iliyobaki, akachagua neno moja tu.

"Mtamu?"

"Umekauka. Mmezima tanuri," alisema Sindano, na bila kutaka akacheka. Mwokaji naye akataka kucheka, kikohozi kikamwahi, na yule mjane akampigapiga mgongoni kwa mkono wenye subana, ile kofia ya chuma ya kidole cha mshonaji, mpaka kikapita.

"Ukuta ule pale," akasema. "Bomba lipite kulia kwa dirisha, lipande lipite bati langu kwa kimo cha mtu na nusu. Na yule fundi aliyekupindia la kwanza nisimwone hapa."

*

Bomba lilipanda Alhamisi, na matundu ya hewa ya chumba yakahamishiwa upande wa barabarani. Siku tatu za mwanzo hesabu ilisimama kwenye saba. Kisha nane. Kisha, bila taarifa, kumi na mbili. Mwokaji alihesabu jioni akiwa amekaa kitandani, mkewe akimtazama midomo asiibe, na mama mkwe nyuma ya pazia akirudia kila namba kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Daktari akamsikiliza kifua, akasema kinafunguka, lakini tanuri asiliguse mwezi mzima. Kumi na tisa. Ishirini na nne. Hapo akakwama wiki nzima, akawa mkali, akasema namba zenyewe zina hila.

Asubuhi moja mkewe alikuwa kiwandani, mikono imezama kwenye unga mpaka kwenye viwiko, mama yake kando anapanga mikate kwenye trei. Mwokaji alikuwa nje, anaota jua. Dirisha la juu likafunguka.

"Jirani!" ilikuwa sauti ya Sindano. "Bomba limepanda, sawa, lakini moshi wenyewe bado mzito! Unakwenda kuanguka kwenye kamba za nguo za mtaa wa nyuma, nauona kwa macho yangu! Na wao wana mapafu! Ni kuni zako mbichi hizo!"

Mkewe alisikia mumewe akivuta pumzi, akaacha kukanda. Bila kujua akaanza kuhesabu.

"Kuni mbichi za nani wewe unayetunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani lakini umeshindwa kuona kwamba tangu Jumanne nimemwita muuza kuni hapa mbele ya watu nikamwambia abebe mzigo wake wote uliolowa aurudishe huko huko alikoutoa na asikanyage mlango wangu mpaka aniletee zilizokauka zinazolia nikizigonga, na zinakuja leo saa sita, kwa hiyo badala ya kunipigia kelele kichwani mimi mgonjwa ungeniuliza kwanza kwa ustaarabu kama jirani mwema!"

"Mgonjwa gani anafoka hivyo?" Sindano akajibu, na dirisha likafungwa kwa kishindo.

Mkewe alibaki amesimama, mikono ndani ya unga, machozi yanamtiririka na hana mkono msafi wa kuyafutia. Mama yake akamfutia kwa ncha ya nguo yake.

"Amefika ngapi?"

"Thelathini na sita, mama. Kwa pumzi moja."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye trei zake.

"Nilijua," alisema. "Ni zile soksi."